Mbayuwayu Aendaye "Nchi za Joto": Kuhusu Vitabu vya Viumbe Vinavyowafikia Watoto wa Lubumbashi

Katika vitabu vya picha vya Kifaransa vinavyouzwa mitumba kando ya barabara za Lubumbashi, ukurasa wa mbayuwayu ni nadra kukosekana, na karibu kila mara unasema jambo lile lile: majani ya miti yanapopukutika, ndege huyu hukusanyika na wenzake juu ya nyaya za umeme, huondoka kwenda nchi za joto, kisha baridi ikiisha hurudi nyumbani. Mchoro humwonyesha akiruka juu ya paa la vigae kuelekea ukingo wa karatasi, na baada ya ukingo ule hakuna kitu. Msomaji wa Lille au wa Liège haoni kasoro yoyote hapo. Msomaji wa Katuba, wa Ruashi au wa Kenya (nasema Kenya ya hapa kwetu, wilaya ya mji, wala si nchi jirani ya Tanzania) yeye anaishi baada ya ukingo wa karatasi. Kwake mbayuwayu ni ndege anayefika mvua zinapokaribia, anayewinda wadudu juu ya uwanja wa mpira muda wote wa masika, na anayetoweka mvua zinapokatika. Kitabu kimemweleza nusu ya maisha ya ndege anayemfahamu, tena ile nusu asiyoweza kuiona.

Makosa ya wazi si mengi katika vitabu hivi. Vingi vinasema kweli, na baadhi vimechorwa kwa ustadi ambao wachapishaji wetu bado hawajaufikia. Kasoro iko mahali alipokaa mwandishi anapotazama. Mtoto wetu anapokea ukweli asio na njia ya kuuhakiki, kuhusu wanyama ambao hatawahi kuwanusa wala kuwasikia, na polepole anazoea kudhani kwamba elimu ya viumbe ni kukariri majina ya mali ya watu wengine. Akiulizwa darasani kuhusu pengwini, atajibu. Akiulizwa kwa nini mchwa wa nyuma ya nyumba yao hutoka wakiwa na mabawa baada ya mvua za kwanza, atacheka, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni swali la shuleni.

Ukurasa ule wa mbayuwayu ungeweza kuandikwa vingine, na historia yake ingetosha kumshika mtoto yeyote. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakujua ndege hao wanakwenda wapi. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi wakiwa wamepoteza manyoya, na katika karne ya 16 bado walikuwapo waliosadiki kwamba hulala chini ya maziwa, katika matope. Ushahidi ulikuja kutoka upande wetu. Mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imechomwa na mshale wenye urefu wa sentimita 80 hivi, na mti wa mshale ule ulikuwa wa Afrika ya Kati. Mwindaji fulani wa huku, ambaye jina lake hakuna aliyeliandika, alimkosa kidogo tu, na ndege akasafiri na mshale shingoni hadi kwao. Leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa upande wa mbayuwayu, jibu lilipatikana Desemba 1912, pale ndege aliyevishwa pete mguuni mwezi Mei 1911 katika eneo la Staffordshire, Uingereza, alipopatikana Natal, Afrika Kusini. Kiumbe chenye uzito wa gramu 20 hivi kilikuwa kimevuka bara zima.

Jinsi habari hizi zinavyogeuza nafasi ya msomaji ni jambo kubwa. Mtoto wa Lubumbashi anaacha kuwa mtu anayesimuliwa mambo ya mbali, anakuwa shahidi aliyeketi kwenye ncha ya pili ya safari. Anaweza kuandika katika daftari siku aliyowaona mbayuwayu wa kwanza mwaka huu na siku aliyowaona wa mwisho, na mwakani akalinganisha. Kazi hiyo haihitaji darubini wala maabara. Wanasayansi wanaofuatilia misafara ya ndege huitegemea sana, na kwa upande wetu wa Afrika wanaoifanya ni wachache mno.

Hali ni hiyo hiyo kwa majira ya mwaka. Vitabu vya Ulaya vimejengwa juu ya majira manne: kindi anaficha karanga, kalunguyeye analala hadi baridi iishe, mti unavua majani kwa sababu theluji inakuja. Mkoa wetu wa Haut-Katanga una majira mawili, mvua za Novemba hadi karibu na Aprili na kiangazi kinachobaki, na miti yake inafuata hesabu nyingine ambayo kwa maoni yangu inastaajabisha zaidi. Miti mingi ya miombo hutoa majani mapya mwezi wa Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu kabisa na vumbi la kiangazi likiwa bado limetanda, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua. Majani hayo huchomoza yakiwa mekundu kama shaba, kisha hugeuka kijani. Mti hutumia maji uliyoyaweka akiba katika shina na mizizi, nao viwavi ambao baadaye huuzwa sokoni huyategemea majani ya miti hiyo. Mtoto anayepanda basi kwenda Likasi mwezi wa Septemba anaiona misitu hiyo mekundu dirishani, na hakuna kitabu mkononi mwake kinachomwambia kwamba alichokiona ni cha ajabu.

Lakini kama ningeulizwa kitabu cha kwanza cha viumbe kwa watoto wa mji huu kiwe juu ya nini, nisingechagua mti wala ndege. Ningechagua mchwa.

Katika misitu inayouzunguka mji, na hata ndani ya viwanja ambavyo wenyewe hawajaanza kujenga, vimesimama vichuguu vya mchwa wa jenasi ya Macrotermes, vingine vikipita mita 5 kwa urefu na mita 10 kwa upana wa chini. Ni majengo makubwa kuliko nyumba nyingi zinazovizunguka. Wakazi wa Lubumbashi wanavifahamu kwa mikono yao. Wafyatuaji wa matofali huvikata kwa sababu udongo wake una mfinyanzi mwingi na hushikamana vizuri tanuruni. Wakulima wanajua kwamba mahindi yaliyopandwa juu ya kichuguu kilichosawazishwa hustawi kuliko ya kando yake. Mama wajawazito hula udongo wake. Mvua zikianza watu hutoka na ndoo na taa kuwakusanya kumbikumbi. Na siku chache baadaye uyoga huchomoza kwenye miteremko yake. Mtoto wa miaka 9 wa Annexe anayajua haya yote bila kufundishwa. Kitabu chema kingeanzia hapo, kwenye mambo ambayo tayari ni yake, kisha kiulize sababu.

Kwa nini udongo wa kichuguu ni tofauti na udongo wa jirani? Kwa sababu wafanyakazi wa mchwa hushuka chini sana, huchagua chembe laini za mfinyanzi, huzichanganya na mate na kuzipandisha juu kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, na pamoja nazo hupanda madini kama kalisi ambayo mvua hazikuweza kuyaondoa. Kwa nini uyoga? Hapa ndipo penye uhondo. Mchwa hawa wenyewe hawawezi kumeng'enya vizuri kuni na nyasi kavu wanazobeba, kwa hiyo wanalima. Ndani ya kichuguu kuna vyumba vyenye masega ya rangi ya kijivu na kahawia, mepesi, yenye mikunjo mingi, ambayo yamejengwa kwa kinyesi cha wafanyakazi waliotafuna majani makavu. Juu ya masega hayo huota kuvu wa jenasi ya Termitomyces, na ukitazama kwa karibu utaona vijidonge vyeupe vidogo kama vichwa vya pini vilivyotapakaa kila mahali. Mchwa hula vijidonge hivyo, mbegu za kuvu hupita tumboni mwao na kupandwa tena kwenye sega jipya, na kuvu hulainisha yale magumu ya mti hadi sega lenyewe liweze kuliwa. Uyoga tunaouchuma ni tunda la shamba hilo lililotoboa paa. Aina moja, Termitomyces titanicus, inayopatikana Zambia na Katanga, hufikisha kofia yenye kipenyo cha karibu mita nzima. Wanasayansi waliipa jina hilo mwaka 1980, wakati wauzaji wa uyoga walikuwa wameibeba vichwani miaka na miaka.

Ushirika huo kati ya mdudu na kuvu unakadiriwa kuwa na miaka milioni 30 hivi, na ulianzia Afrika. Kilimo cha binadamu hakijafikisha hata miaka 15,000. Sijui kama kuna sentensi inayoweza kumfanya mtoto wa mkulima ainue kichwa kutoka kitabuni kama hiyo.

Kichuguu kinafaa kwa jambo jingine ambalo vitabu vya watoto huliogopa, nalo ni kuonyesha wataalamu wakibadili mawazo. Karibu kila kitabu kinachomtaja mchwa wa Afrika kinaeleza kwamba kichuguu kinafanya kazi ya bomba la moshi: joto la kundi na la shamba la kuvu hupandisha hewa chafu juu, na hewa safi huingia kutoka chini. Maelezo hayo yalienezwa na mtafiti wa Uswisi, Martin Lüscher, mwaka 1961, na yalipendwa kiasi kwamba jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, lilisanifiwa na Mick Pearce kwa kuiga wazo hilo ili kupunguza matumizi ya mitambo ya kupoozea hewa. Jengo linafanya kazi vizuri. Wazo, kwa upande wa mchwa, limetiliwa shaka kubwa. Scott Turner, aliyepima mwendo wa hewa katika vichuguu vya Namibia, alidai kwamba upepo unaopiga kuta zenye vinyweleo huvuta na kusukuma hewa ndani kwa namna inayokaribia kazi ya mapafu. Kisha mwaka 2015 watafiti wengine, wakipima vichuguu vya aina nyingine huko India, walionyesha kwamba tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ndiyo inayoizungusha hewa. Inawezekana kila aina ya kichuguu ina hesabu yake. Vitabu vya watoto bado vinachora mshale mwekundu unaopanda na mshale wa buluu unaoingia chini, kama kwamba jambo limekwisha kuamuliwa.

Ningependa kitabu kimwambie mtoto wazi kwamba wakubwa wanabishana juu ya hili, na kwamba anaweza kwenda kukizunguka kichuguu cha jirani akatafuta tundu la bomba mwenyewe. Wako wazazi na walimu watakaosema kwamba mtoto akiambiwa wataalamu hawajakubaliana atapoteza imani na elimu. Naona kinyume chake. Anayepoteza imani ni yule aliyekaririshwa jibu moja akiwa darasa la nne, akalikuta limekataliwa akiwa chuo kikuu.

Na kama kitabu kinataka kumalizia sura hiyo kwa historia, historia iko tayari. Watafiti wa Ubelgiji wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima kaboni katika vichuguu vya miombo ya Haut-Katanga, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015: kimoja kilichoachwa na mchwa kilikuwa na umri unaozidi miaka 2,000. Tunakata matofali kutoka majengo ya kale kuliko msikiti au kanisa lolote la nchi hii. Silaumu wafyatuaji, kwa sababu watu lazima wajenge; nasema tu kwamba mtoto angestahili kujua anachokikalia.

Upande wa nyumbani nao una makosa yake. Vitabu vichache vya Kikongomani vinavyogusa viumbe mara nyingi hugeuka kuwa orodha ya fahari ya taifa: okapi, bonobo, tausi wa Kongo, sokwe wa milimani, kila mmoja na picha yake na sentensi mbili za sifa. Ni kweli kwamba okapi na bonobo hawapatikani porini mahali pengine duniani ila Kongo, na si vibaya mtoto kulijua hilo. Lakini sifa haimfundishi mtu kutazama. Okapi huandikiwa kwamba "aligunduliwa mwaka 1901", sentensi iliyonakiliwa kutoka vitabu vya wageni bila kuhojiwa, wakati watu wa msitu wa Ituri walikuwa wakimtega na kutumia ngozi yake. Ni kwa sababu ya vipande vya ngozi walivyokuwa navyo watu wa huko ndipo Harry Johnston, afisa wa Uingereza aliyekuwa Uganda, alipopata kitu cha kupeleka London. Kilichotokea mwaka 1901 ni kwamba wataalamu walimwandika kwanza kama aina ya punda milia, kwa kuwa walikuwa na vipande vya ngozi yenye mistari tu, na mwaka huo huo, baada ya kuona fuvu, wakakiri kwamba ni jamaa ya twiga. Kosa hilo na kusahihishwa kwake vinafundisha kuliko sifa zote. Hapa Katanga nasi tunaye punda milia wa kweli, katika Hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, ambako wamebaki wachache sana, na bado watoto wengi wa Lubumbashi wanadhani mnyama huyo ni wa Kenya, safari hii ile nchi.

Kuna pia wanyama wanaohitaji kuandikiwa kwa sababu wanauawa kwa woga. Kinyonga hupigwa mawe, bundi hufukuzwa usiku akidhaniwa ametumwa na mchawi. Mwandishi mvivu atamwita mtoto mshirikina na kuendelea na hadithi yake. Mwandishi mwenye heshima atamweleza kwamba kinyonga hana sumu, na kwamba hata ile habari inayorudiwa katika vitabu vya Ulaya, kuwa hubadili rangi ili afanane na kila anachokikanyaga, imetiwa chumvi: mara nyingi rangi ni ujumbe kwa kinyonga mwingine au njia ya kujipasha joto. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba ngozi yake ina fuwele ndogo sana ambazo kinyonga anaweza kuzisogeza karibu au kuzitawanya, na mwanga unaorudishwa hubadilika. Bundi naye hutapika vidonge vya mifupa na manyoya chini ya mti anapolala. Ukikifungua kidonge kimoja kwa kijiti utakuta fuvu la panya, taya na meno yakiwa mazima, na mtoto aliyehesabu mafuvu hayo ana sababu yake mwenyewe ya kumwacha bundi aishi juu ya ghala la mahindi. Ngano za sungura na fisi ziendelee kusimuliwa, maana zinafundisha mengi kuhusu binadamu. Ila zisitumike mahali pa elimu ya fisi.

Kitabu cha viumbe cha Lubumbashi hakiwezi kukwepa madini. Hapa waandishi wa watoto hupenda kunyamaza, labda kwa kuogopa kuharibu utamu, na ukimya huo ninaona ni udhaifu. Upande wa kaskazini magharibi wa mtambo wa zamani wa kuyeyushia shaba, ambako upepo ulibeba moshi kwa miongo mingi, kuna ardhi iliyobaki karibu uchi, na katika mtaa wa Penga Penga wanasayansi wamejaribu kuotesha nyasi zinazovumilia sumu ya shaba ili vumbi litulie. Mtoto anapita hapo. Anakiona pia kilima cheusi cha masalio ya uyeyushaji ambacho kimekuwa nembo ya mji. Aambiwe kwamba kuna mimea inayostahimili shaba nyingi ambayo ingeua mahindi, mmoja wao ukiwa Haumaniastrum katangense, jamaa wa kivumbasi, na kwamba wanaakiolojia waliufuata mmea huo ili kupata mahali ambapo wahenga walikuwa na tanuru za kuyeyushia shaba. Aambiwe pia kwamba mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi mno katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na mitambo, watoto wakizidi wakubwa, na kwa hiyo aoshe mikono akitoka kuchezea vumbi la pale na asile mboga zilizooteshwa humo. Mtoto anayeishi karibu na vumbi hilo amekwisha kuguswa na habari hii. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza.

Suala la lugha linazua ubishi kila linapotajwa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia, na katika shule nyingi za umma za upande wetu Kiswahili hutumika miaka ya kwanza kabla ya Kifaransa kushika hatamu, ingawa shule nyingi za binafsi za mjini huanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza kwa kuwa wazazi ndicho wanachokilipia. Wanaotaka kitabu cha Kifaransa pekee wanasema kwamba mtoto atafanyia mtihani katika lugha hiyo. Wanaotaka Kiswahili pekee wanasahau kwamba Kiswahili cha vitabu kutoka Dar es Salaam au Nairobi humchosha mtoto wa hapa karibu kama Kifaransa kinavyomchosha. Naunga mkono ukurasa wenye lugha mbili ubavu kwa ubavu, Kiswahili kilicho wazi upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, pamoja na picha yenye namba zinazoonyesha kila sehemu inaitwaje katika lugha zote mbili. Njia hii si mpya hata kidogo: mwaka 1658, mjini Nürnberg, mwalimu wa Kicheki Comenius alichapisha kitabu chake cha picha kwa watoto, Orbis Sensualium Pictus, kwa Kilatini na Kijerumani bega kwa bega, picha zikiwa na namba, kwa sababu wanafunzi wake nao walilazimika kusomea katika lugha ambayo haikuwa ya nyumbani. Na alianza na sauti za wanyama, kunguru akilia na kondoo akilia, kabla ya kufika kwenye jambo lolote gumu.

Kikwazo kinachotajwa kila mara ni gharama. Kuchapa kitabu cha rangi chenye kurasa nzuri ni ghali, na mzazi anayelipia sare na daftari hana cha ziada kwa kitabu ambacho mwalimu hakukidai. Nakubali. Ila sidhani kwamba kitabu cha mchwa kinahitaji rangi. Mchoro wa kalamu nyeusi uliofanywa na mtu aliyekaa mbele ya sega la kuvu akalichora lilivyo una thamani kuliko picha ya rangi iliyochotwa kwenye intaneti, ambayo mara nyingi ni ya mchwa wa Asia au, mbaya zaidi, ya siafu. Makosa ya aina hiyo ni mengi: mchwa bado wanawekwa ukurasa mmoja na siafu kama ndugu, wakati ni jamaa wa mende, na tangu mwaka 2007 wanasayansi wengi wanawaorodhesha ndani ya kundi la mende moja kwa moja. Kijitabu cha kurasa 24, karatasi ya kawaida, rangi moja, kilichobanwa kwa pini mbili, kinaweza kuchapwa katika karakana za hapa hapa mjini, na shule ikanunua nakala chache za kupokezana darasani.

Waandishi tunao, na wenye maarifa tunao. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu waliotumia miaka kuchunguza udongo wa vichuguu, miombo na mimea ya milima ya shaba. Kazi zao zinasomwa Ghent na Brussels, na mara nyingi hazijamfikia mwalimu wa shule ya msingi aliye mtaa wa pili kutoka chuo. Ningeomba rasimu ya kijitabu hicho isomwe na mmoja wao kabla haijapelekwa kwa mchapaji, na baada yake isomewe mfyatuaji wa matofali ambaye amekata vichuguu maisha yake yote. Wa kwanza atasahihisha majina na vipimo. Wa pili atasema vyumba vya kuvu viko kina gani hasa, malkia hupatikana upande gani, na mchwa hufanya nini dakika ya kwanza baada ya jembe kutoboa ukuta. Na pale watakapotofautiana, kijitabu kiandike majibu yote mawili.